Kiangazi cha Kinda la Musambi

Niliacha masomo kabla sijamaliza shule ya msingi ya misheni. Baba alikuwa tayari kunilipia na mwalimu hakuwa mbaya. Shida ilikuwa dirisha. Darasa letu lilitazama ziwa, na mimi nilijua mitumbwi yote iliyotoka asubuhi vizuri kuliko nilivyojua kugawanya. Siku moja nilitoka kwenda kujisaidia nikafuata watu waliokuwa wanavuta wavu, nikavuta nao, wakanipa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye jani, basi. Sikurudi tena kukaa kwenye benchi lile.

Tangu hapo nilifanya kila kazi, na hakuna niliyozeekea. Nilibeba marobota ya pamba mpaka nywele zikawa nyeupe kwa nyuzi. Nilifagia duka la Mgiriki mmoja pale Kasenga, mtaa wa Uvira, nikafukuzwa kwa sababu nilifungua redio yake nione nani anasema ndani. Siku ya uhuru, siku tuliyoiita depanda, nilikuwa juu ya lori Kavimvira nikipunga tawi la mwarobaini, sauti imeniisha. Wazungu walipoondoka, kazi nyingi ziliondoka nao, na mimi nikabaki na miguu yangu.

Miguu hiyo ndiyo iliyonipeleka kisiwani. Chini ya Kavimvira, pale Ruzizi inapogawanya maji yake kabla ya kuingia ziwani, palikuwa na kisiwa cha matete. Hakikuwa kikubwa. Mtu akisimama katikati alisikia mbwa wa upande wetu na mbwa wa upande wa Burundi. Asubuhi moja nikipita ukingoni nilisikia mlio ambao nilikuwa sijausikia kwa muda mrefu, mzito, kama mtu anayepuliza ndani ya kibuyu. Nilisimama. Ulikuwa mlio wa musambi.

Musambi ni jina letu la korongo mwenye taji. Nilipokuwa mdogo walijaa bonde lote. Walitembea kwenye mashamba ya pamba wawili wawili, shingo ya kijivu, mashavu meupe, na juu ya kichwa ile taji ya nyuzi za dhahabu. Walikuwa wakiruka na kuinamiana kama wacheza ngoma, na sisi watoto tuliwaiga mpaka tukachafua nguo za misa. Halafu matope yao yakageuzwa mashamba ya mpunga. Watu wakawa wanachukua makinda na kuyauza kwa wazungu, wayakate mabawa na kuyafuga kwenye bustani zao za maua. Hatukuona tunawamaliza. Ndege alikuwepo jana, kwa hiyo kesho pia angekuwepo. Kumbe mwaka ule kila mvuvi wa pale mdomoni mwa mto alikwisha kusema kwamba wamebaki wawili tu, mume na mke.

Nilivua suruali nikaifunga kichwani, nikaingia majini kuufuata ule mlio. Sauti ya mwanamke ikanishika kabla sijafika mbali.

"Weye! Unatafuta nini mule? Mule hakuna dada yako."

Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, mundu mkononi, vifungu vya matete vimemzunguka hadi kiunoni. Nilimwambia natafuta ndege anayelia.

"Muntu muzima anatafuta ndege! Haujaoa, eh?"

"Bado, mama."

"Naona."

Huyo alikuwa mfumaji wa mikeka. Alikata matete ya kisiwa kile, akayakausha, akafuma, akauza Kasenga kwa wenye maduka na makanisa. Mume wake alivuka Burundi kutafuta kazi na habari zake zilikuwa zimekatika. Watoto walikula kwa mundu wake. Aliniita mutembezi tangu siku ile, na sijui kama aliwahi kuniuliza jina.

Nilimuuliza kiota kiko wapi. Akasema anajua kiko, ila wapi, hajui. Alikuwa ameshazunguka mara nyingi akimwona ndege akitua mahali, na akifika pale hakuti kitu. Hapo ndipo udadisi wangu ukanipatia kazi. Nilikaa asubuhi kadhaa ndani ya matete, maji kifuani, nikitazama tu. Ruba walininywa wapendavyo. Mwishoni nikaelewa. Musambi haendi nyumbani kwake kwa kuruka. Anatua mbali, anatembea amejiinamisha kama mtu anayepita mbele ya msiba, anapotea. Baada ya muda mwenzake anatokea upande mwingine kabisa, naye ametembea kwanza, ndipo anaruka. Walikuwa wanapokezana. Nikachukua njia ya anayeingia na njia ya anayetoka, nikatafuta zinapokutana.

Palikuwa na lundo la matete yaliyovunjwa na kukanyagwa, pana kama ungo mkubwa. Juu yake mayai matatu. Nilidhani yatakuwa meupe kama ya kuku, lakini yalikuwa na ule weupe wa shati lililosuuzwa kwa buluu. Sikuyagusa. Nilirudi kinyumenyume, nikasahau hata ruba.

"Iko mayayi matatu," nilimwambia yule mama.

Alikaa chini ndani ya mtumbwi, akaachia mundu. Nilidhani amefurahia ndege. Alikuwa amefurahia matete.

Alinieleza hivi. Kila kiangazi wachungaji wa Rurambo huteremsha ng'ombe bondeni, kwa sababu majani ya mlimani yanakauka. Wakifika kisiwani huchoma matete ya zamani ili machipukizi yatoke na ng'ombe wale. Ni haki yao tangu mababu, hakuna wa kuwakataza. Lakini mchungaji mwenye kundi lililozoea kisiwa kile alikuwa wa ukoo unaomheshimu musambi. Kwao ndege huyo hauawi, hafukuzwi, na mahali alipolalia moto hauwashwi. Zamani viota vilikuwa vingi, wachungaji walivizunguka tu, wakachoma hapa wakaacha pale. Sasa kiota kilikuwa kimoja, katikati ya kisiwa, na kisiwa kizima kiliponea hapo.

"Yeye akikuta mayayi, anangoja. Minye nakata. Akikuta hakuna, anachoma siku ile ile, na batoto yangu watalala juu ya mikeka gani, watakula nini mwaka muzima?" Alinitazama. "Weye huna kazi. Kazi yako ni ile kiota. Kila asubuhi uende uangalie, unipashe habari."

Ndivyo nilivyoajiriwa, kwa ugali na ndagala.

Huo ulikuwa mwaka ambao waasi waliingia Uvira. Tulikuwa kisiwani siku hiyo. Tulisikia milio upande wa mji, kama mtu anapasua kuni kavu kwa haraka, kisha ukimya, kisha watu wakaanza kupita ukingoni na magodoro kichwani wakielekea mpakani. Yule mama aliwapeleka watoto wake kwa dada yake, akarudi kukata. Nilimuuliza haogopi.

"Naogopa. Matete hayaogopi, yanakauka."

Hazikupita siku nyingi, wapiganaji wa waasi hao wakaweka kizuizi, barière, kwenye barabara ya Kavimvira, na wakawa wanateremka mtoni kunawa na kutafuta samaki. Walivaa ngozi za paka wa porini na majani kichwani. Siku moja wanne walisimama ukingoni, na mmoja wao nilimtambua. Tulikaa benchi moja kule misheni. Alikuwa ananikopesha kalamu.

"Wanasema muko na ndege ya taji hapa," alisema, akijifanya hanijui. "Tunataka ile taji. Ni ya kuvaa vitani."

Bunduki yake ilikuwa ya kweli. Yule mama hakuacha kukata.

"Ingieni muchukue," alisema. "Ila ule ndege analalia mayayi."

"Kisha?"

"Kisha nini? Weye utavaa manyoya ya ndege mwenye kukaa pale pale hata muntu akimukuyia na panga. Benzako watakimbia, weye utakaa. Haya, ingia basi, maji iko mpaka hapa." Akajigusa kifuani.

Wale watatu wakaanza kucheka. "Atataga!" mmoja akapiga kelele. "Komanda atatukuta kwenye barière, huyu amelalia mayayi!"

"Nyamaza, weye."

"Funika vizuri, baba, yasipoe!"

Mwenzangu wa darasani alicheka mwishowe, kwa shida. Kabla hawajaondoka alinisogelea akaniambia polepole, "Bado uko muntu wa dirisha." Akanipa nusu ya muhogo uliochomwa. Sikumwona tena baada ya vita, na nimeuliza watu wengi.

Adui wa kweli alikuwa maji. Ziwa lilikuwa limepanda tangu masika, kupanda ambako wazee wenyewe walisema hawajawahi kukuona. Nyumba za karibu na ufuko zilisimama na maji mlangoni, na watu walivua samaki mahali walipokuwa wanaanika nguo. Nilikuwa nimechomeka ufito karibu na kiota na kuukata alama, na kila asubuhi alama ilikuwa imemezwa. Wale ndege walijaribu. Waliongeza majani juu ya kiota, mmoja amelala, mwingine anamletea mdomoni. Lakini maji yalikuwa yanawashinda.

Ndipo mama yule akasema tufanye kitanda. Wavuvi wa mdomo wa Ruzizi wana ujuzi huo. Wakitaka kupumzika mbali na nchi kavu, hufunga vifungu vya mafunjo makavu, huvipanga, huvipitisha chini ya matete, na mtu anakaa juu yake haguswi na maji. Tulifunga vifungu siku nzima. Asubuhi ndege alipotoka tukavisukuma taratibu chini ya kiota, upande huu na upande ule, mpaka lundo lote likaelea na mayai yake kama sahani juu ya meza. Tulikifunga kitanda kwenye ufito kwa kamba ili mto usikibebe. Kisha tukajificha. Yule jike alikuja akasimama, akatikisa taji, akakizunguka kiota chake mara mbili kama mtu anayekuta nyumba yake imepakwa rangi. Akapanda. Akalala.

Yule mama alinipiga bega hadi nikaingia majini mzima.

Kosa letu lilikuwa kwenye kamba. Mtu wa pwani ya ziwa letu akifunga mtumbwi baada ya masika hufunga kamba fupi, kwa sababu mvua zikiisha ziwa linashuka. Mtoto anajua. Mvua zilikuwa zimeisha, mbingu kavu, vumbi limeanza. Mikono yetu ilifunga fupi bila kutuuliza, wala kuuliza alama za ufito. Hatukukumbuka kwamba Ruzizi haileti mvua ya Uvira. Inaleta ya mbali huko juu, na huko ilikuwa bado inanyesha.

Asubuhi nilipofika, ufito ulikuwa umekwisha kuzama. Kamba ilikuwa imevuta upande mmoja wa kitanda chini, kiota kimeinama kama mtu aliyelewa. Ndege wote wawili walikuwa wamesimama kando, wanalia ule mlio wa kibuyu. Yai moja lilikuwa halionekani. La pili niliona weupe wake chini ya maji, nikalishika, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. La tatu lilikuwa limekwama kwenye mashina ya matete, kavu.

Nilimpigia kelele yule mama. Alikuja akipiga upondo kwa nguvu zote, akakata kamba kwa mundu. Kitanda kikaruka juu, kikatulia. Aliliokota yai lile lililobaki, akaliweka sikioni, akafumba macho.

"Inagonga," alisema.

Alilirudisha katikati ya kiota, akafunga kamba upya, ndefu, ndefu mno, mpaka nikacheka na yeye akanitukana.

Na siku hiyo hiyo, tukiwa bado tumelowa, mchungaji wa Rurambo alifika. Vita ilikuwa imemsukuma ateremke mapema. Alikuwa mtu mrefu, fimbo mabegani, koti la zamani la jeshi la wazungu na kofia ya kitambaa. Ng'ombe wake walisimama ukingoni, mbavu zinahesabika.

"Shemeji," yule mama alimwita. Hawakuwa na undugu wowote, ulikuwa utani wao wa kila mwaka. "Umekuya kuniunguza?"

"Nimekuja kulisha, shemeji. Ng'ombe hawali maneno yako."

"Iko yai."

"Mayai mangapi?"

"Moja."

"Moja?" Alitazama kundi lake, kisha akatazama matete makavu. "Kwa yai moja ng'ombe wangu wafe?"

Alivua viatu, akavua kofia pia, akatufuata majini. Tulisimama mbali, sisi watatu, na ndege hakuja. Jua lilipanda. Mchungaji alikohoa. Ndipo dume likatokea, likitembea limeinama kama kawaida yake, likapanda kitandani, likalipindua yai kwa mdomo, likakaa.

Mchungaji alitazama kwa muda mrefu. "Amekubali kulala juu ya maji," alisema. Akaturudisha ukingoni, akavaa kofia yake. "Nitangoja."

Yai lilipasuka ndani ya juma hilo. Sikuona likipasuka, niliona kinda tayari limetoka, kahawia, manyoya kama kitambaa kilichofifia, miguu mirefu kuliko mwili. Nilikimbia, nikaanguka, nikafika nikisema, "Limetoka! Limetoka!" Yule mama akapiga vigelegele. Mpaka leo nikisikia vigelegele harusini naviona vile vidole vyake vya kijani kwa matete.

Lakini makinda ya musambi hayakai kiotani. Siku iliyofuata wazazi walikuwa wamelitembeza wakaingia nalo matetani, na kiota kikabaki kitupu. Mchungaji alikuja, akaona, akasema, "Wameondoka. Sasa nichome."

"Mutoto iko mule ndani, hajui kuruka!"

"Mila ni ya kiota, shemeji. Kiota kitupu ni majani tu."

"Na ukimuchoma mutoto wa musambi, utaenda kusema nini Rurambo? Kwamba ulimuheshimu mpaka alipoanza kutembea?"

Mchungaji aliligeuza lile neno kinywani, nadhani, na halikumpa nafasi ya kutoka. Lakini ng'ombe nao walikuwa na njaa kweli, na yeye pia alikuwa na watoto. Ndipo mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasema kile nilichokuwa nimekiona kwa kutembea tu. Pale mama yule alipokata mwezi uliopita, machipukizi yalikuwa yametoka marefu kama kidole, bila moto. Nikasema, kama tukikata, ng'ombe watakula nyuma yetu.

"Nani atakata kisiwa kizima?" mchungaji aliuliza.

Wote wawili wakanitazama.

Tulikata kiangazi chote, maji yakishuka kidogo kidogo. Tulianza ukingoni, na kila mara mimi nilitangulia kutafuta lile kinda liko wapi, kwa nyayo kwenye matope na kwa sauti yake nyembamba, ndipo tukate upande mwingine. Mama yule alipata matete mengi kuliko mwaka wowote. Ng'ombe waliingia nyuma yetu wakila vichipukizi. Mwishoni hata mchungaji alichukua mundu. Alikuwa hajui kabisa. Alikata kama mtu anayechinja.

"Shemeji, unakosana nayo nini hiyo matete?" yule mama alimwuliza. "Imekutukana?"

"Imekufanana wewe, ndiyo maana."

Nimeishi mahali pengi baada ya pale. Nimepika kwenye meli, nimechimba, nimelinda ghala, nimelala nchi tatu. Nikiulizwa wapi nilikuwa na raha, watu hungoja nitaje mji. Mimi nakumbuka mikono inayowasha kwa matete, milio ya bunduki kwa mbali ambayo tulikuwa tumeacha kuigeukia, na watu wawili wanatukanana kwa upendo huku nikitafuta nyayo za ndege. Kile kisiwa chenyewe sijui kama kipo bado. Ziwa limekuwa likipanda na kushuka, na mto hubadilisha mdomo. Musambi wa bonde lile, wanaonisimulia wanasema hawajawaona.

Kinda lilikua. Taji ilianza kuchomoza fupi, kama nywele za mtoto aliyenyolewa. Lilikuwa linakimbia nyuma ya wazazi, linapiga mabawa, linaanguka. Mchana mmoja kwenye upepo wa ziwa lilikimbia namna ile ile na halikuanguka. Lilipita juu ya vichwa vyetu, miguu inaning'inia, wazazi wakalifuata, na wote watatu wakavuka mto kuelekea upande wa Burundi. Tulisimama na miundu yetu. Tuliwatazama mpaka walipokuwa vidoa.

Katikati ya kisiwa palikuwa pamebaki matete mazee ambayo hatukuyagusa kwa ajili yao. Yalikuwa magumu, hayafai tena kwa mkeka wala kwa ng'ombe. Yasipochomwa yangeyasonga machipukizi ya mwakani. Mchungaji alitoa kiberiti mfukoni mwa lile koti, akakishika tu, bila kukiwasha, akimtazama yule mama.

"Lete," mama alisema.

Aliinama akawasha mwenyewe. Moto ulishika kwa mlio wa mvua kubwa. Tulirudi nyuma hadi kwenye mtumbwi uliojaa vifungu. Kule barabarani wapiganaji waliona moshi wakaanza kupiga filimbi na kukimbia huku na huku, wakidhani wameingiliwa.

"Shemeji, toka kwenye moshi," mchungaji aliita. "Utaungua macho."

"Angalia ng'ombe yako. Minye naangalia moto yangu."

Yule mama alipotosheka alipanda mtumbwini, akanitupia upondo, akaniambia tupeleke vifungu kabla jua halijashuka.